Mabaka ya Ngozi na Kipimo cha Vinasaba

Katika likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Lyulilo nilisikia neno moja likieleweka vibaya, na kwa sababu ya neno hilo posa ya binti mmoja ilikaribia kuvunjika. Neno lenyewe ni "vinasaba". Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa baiolojia, naye akanipa vitabu vya kusoma na kunieleza yale yaliyonishinda. Sasa naona yafaa niyaandike katika gazeti letu, maana sidhani kama neno hilo limewapotosha watu wa kwetu peke yao.

Habari ilikuwa hivi. Mama mkubwa wangu ni mfinyanzi. Kwa muda wa miaka sita alikuwa na mabaka kiunoni na mapajani, yaliyofifia rangi kuliko ngozi yake nyingine, nayo yalimwasha kidogo nyakati za usiku. Kwanza aliambiwa ni utangotango, akapaka dawa ya fangasi. Halafu akaambiwa ni pumu ya ngozi, akapaka marhamu nyingine. Mabaka yakapungua, kisha yakarudi. Wako walionong'ona kuwa ni ukoma, na wako walionong'ona mambo mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa. Mwishowe daktari wa ngozi alikata kipande kidogo cha ngozi ili kitazamwe kwa hadubini. Majibu yalipokuja alimwambia kuwa anashuku limfoma ya ngozi, na kwamba ili kupata hakika kipande kile kitafanyiwa pia kipimo cha vinasaba.

Maneno yalifika kijijini kabla yake yeye mwenyewe. "Fulani anapimwa vinasaba." Binti yake alikuwa amekwisha posewa, basi upande wa mume wakamtuma mshenga kuuliza kwa adabu kama ugonjwa ule ni wa ukoo.

Mimi siwalaumu wazee wale. Neno "vinasaba" limetokana na nasaba, na nasaba ni ukoo, baba na babu na babu wa babu. Mtu akisikia kipimo cha vinasaba, atafikiri nini ila kwamba madaktari wanachunguza alichorithi kwa wazazi na atakachowarithisha watoto? Vipo vipimo vya namna hiyo. Lakini kipimo alichoandikiwa mama mkubwa hakikuwa kikiuliza nasaba yake hata kidogo. Kilikuwa kikiuliza nasaba ya chembe zilizomo ndani ya mabaka yake, yaani kama chembe hizo ni wageni waliotoka pande mbalimbali, au kama zote ni uzao wa chembe moja. Tofauti hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Tuanze na chembe zenyewe. Katika damu yetu mna chembe nyekundu zinazochukua hewa ya oksijeni, na chembe nyeupe ambazo ni walinzi wa mwili. Miongoni mwa hizo nyeupe kuna ziitwazo limfositi. Hizi hazikai katika damu tu, bali hutembea mpaka katika tezi, katika matumbo na katika ngozi, zikitafuta vijidudu. Jamii moja ya limfositi, inayoitwa limfositi T, hufunzwa kazi yake katika tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Kila limfositi T inapokua hutengeneza kipokezi juu ya mwili wake, mfano wa kitasa kinachokubali ufunguo mmoja tu. Kijidudu kikiingia, limfositi yenye kitasa kinachopatana nacho hukitambua, nayo huanza kuzaliana ili kupigana.

Hapa pana jambo la ajabu. Vijidudu ni vya namna nyingi mno, na mwili hauwezi kuweka jeni moja kwa kila kijidudu, maana jeni zetu zote hazizidi elfu ishirini na kitu. Fumbo hili lilifumbuliwa na Mjapani, Susumu Tonegawa, alipokuwa akifanya kazi Basel huko Uswisi. Mwaka 1976 alionyesha kwamba limfositi zile zinazotengeneza silaha za damu, yaani limfositi B, hukata vipande vya jeni zao na kuviunga upya, kila moja kwa namna yake. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Mwaka 1984 ikaonekana kuwa limfositi T nazo hufanya vivyo hivyo kwa jeni za vipokezi vyao. Hukata hapa, huunga pale, na penye kiungo huongeza au kupunguza herufi chache kwa bahati tu. Kwa hiyo karibu kila limfositi mpya ina kiungo chake, ambacho si sawa na cha jirani yake. Na limfositi ikizaa, watoto wake huwa na kiungo kile kile cha mama yao. Msomaji akumbuke jambo hili, maana kipimo chote kimejengwa juu yake.

Sasa turudi kwenye ngozi. Mtu mwenye pumu ya ngozi, au aliyedhuriwa na sabuni au na dawa, ngozi yake huvimba, huwa nyekundu au nyeusi, na huwasha. Ukiitazama kwa hadubini utaona limfositi nyingi zimejaa. Mtu mwenye limfoma ya ngozi naye, ukitazama, utaona limfositi nyingi zimejaa. Hapo ndipo penye taabu. Mara nyingine hata mtaalamu wa miaka mingi hawezi kuzitenga hizi na hizi kwa macho, hasa ugonjwa ukiwa mchanga. Katika pumu ya ngozi limfositi zimeitwa na mwili, na sababu ikiondoka nazo huondoka. Katika limfoma limfositi moja imeharibika, ikaacha kutii, ikazaa bila kipimo, na wanawe hawataki kufa wala kuondoka. Hiyo ndiyo saratani.

Limfoma ya ngozi iliyo ya kawaida zaidi ilielezwa kwanza na daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert mwaka 1806. Mgonjwa wake alikuwa na vivimbe vilivyofanana na uyoga, basi ugonjwa ukapewa jina la Kilatini na Kigiriki lenye maana ya maradhi ya uyoga, mycosis fungoides. Jina hilo limedumu mpaka leo, na mpaka leo linadanganya watu, maana ugonjwa huo haukuletwa na uyoga wala fangasi yoyote. Naona mama mkubwa alipatwa na majina mawili ya kudanganya kwa wakati mmoja, moja la Ulaya na moja la kwetu.

Ugonjwa huu huenda polepole sana. Aghalabu huanza kwa mabaka mahali pasipopigwa na jua, kama vile kiunoni, matakoni, mapajani, au chini ya matiti, na baka moja halilingani na jingine kwa ukubwa wala kwa umbo. Baada ya miaka baadhi ya mabaka huweza kuwa manene, na kwa wagonjwa wachache hutokea vivimbe. Wagonjwa wengi hawafiki huko. Yule ambaye ugonjwa wake umegunduliwa ungali katika mabaka tu, kwa kawaida huishi umri kama wa watu wengine. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mna namna moja inayotupata zaidi kuliko Wazungu, nayo hupenda watoto na vijana: mabaka hayawi mekundu kama picha za vitabu vya Ulaya zinavyoonyesha, bali huwa meupe-meupe, yamepungua rangi. Ndiyo maana hudhaniwa kuwa ni utangotango, au mbalanga, au ukoma.

Juu ya ukoma ni lazima niseme neno, kwa kuwa mama mkubwa aliumizwa sana na mnong'ono ule. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia; ukiligusa kwa pamba mgonjwa hajui kama umeligusa. Baka la limfoma halipotezi hisia, na pengine huwasha. Lakini asiwepo mtu wa kujipima nyumbani kwa pamba na kuridhika. Ukoma bado upo nchini, dawa zake hutolewa bure, na mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Hata kama ungekuwa ukoma, mnong'ono ulikuwa wa nini?

Basi daktari atatengaje limfositi za pumu ya ngozi na limfositi za limfoma? Nitatumia mfano wa nyumbani. Wasomaji waliofika Lyulilo siku ya Jumamosi wameona soko letu la vyungu. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, wakavipanga ufukoni, vyekundu vyenye nakshi nyeupe. Mgeni huona vyungu tu. Lakini mfinyanzi akipita katikati yao anajua hiki ni cha nani na kile ni cha nani, kwa jinsi mdomo ulivyokunjwa na mstari ulivyochorwa. Siku ya soko la kawaida ataona mikono ya wafinyanzi ishirini au thelathini. Tuseme siku moja apite akute vyungu mia tatu, na vyote vina mkono mmoja. Hatahitaji kuhesabu, atajua mara moja kuwa kuna mtu mmoja aliyefinyanga vyote na kulijaza soko.

Kiungo cha jeni ndicho mkono wa mfinyanzi. Wataalamu huchukua kipande cha ngozi, hutoa vinasaba vyake, kisha hukizidisha kile kipande chenye kiungo mara mamilioni. Njia ya kuzidisha ilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Ndiyo ile ile waliyoisikia watu wengi wakati wa korona. Baada ya kuzidishwa, vipande hupangwa kwa urefu wao. Kama limfositi zimetoka pande mbalimbali, viungo vina urefu mbalimbali, na mashine huchora mfano wa kilima kilichotandaa. Kama nyingi ni uzao wa limfositi moja, viungo vyake vina urefu mmoja, na mashine huchora mkuki mmoja uliosimama peke yake. Siku hizi ziko mashine zinazosoma herufi za kila kiungo moja moja, na hizo huona zaidi kuliko zile zinazopima urefu tu.

Mwalimu alinionya nisiandike kana kwamba mashine hii ni hakimu asiyekosea. Mkuki huweza kuonekana kwa mtu asiye na limfoma, kwa sababu hata katika ugonjwa wa kawaida huenda limfositi moja ikazaa sana kwa muda, na kwa wazee jambo hilo hutokea zaidi. Kadhalika, mtu mwenye limfoma changa huweza kukosa mkuki, kwa kuwa chembe mbaya bado ni chache, zimefichwa na wageni wengi. Kwa hiyo madaktari hupenda kuchukua vipande kutoka mabaka mawili yaliyo mbali, tuseme kiunoni na pajani. Kiungo kile kile kikionekana pande zote mbili, shaka hupungua sana. Tena jibu la mashine huwekwa pamoja na yale aliyoyaona daktari kwa macho na yale aliyoyaona mwenzake kwa hadubini. Wakipatana wote watatu, ndipo husema.

Je, kiungo hicho kilitoka kwa baba au kwa mama? Hapana, hakikutoka kwa yeyote. Kilitengenezwa ndani ya mwili wa mtu mwenyewe, katika limfositi moja, baada ya yeye kutungwa mimba. Na yale makosa yaliyoigeuza limfositi ile kuwa saratani, nayo yaliingia humo humo. Hayamo katika yai wala katika mbegu, basi hayawezi kumfikia mtoto. Madaktari wameandika habari za familia chache sana ambamo ndugu wawili walipatwa na mycosis fungoides, lakini ni nadra mno, wala hapana jeni moja inayojulikana kuwa huipitisha kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Ili tofauti ionekane, tazama ualbino. Huo ni wa kurithi kweli. Hapa Tanzania aghalabu hutokana na kipande kilichopungua katika jeni iitwayo OCA2, nacho kimo katika kila chembe ya mwili tangu mwanzo. Mtoto huzaliwa na ualbino akipokea nakala mbovu kwa baba na nakala mbovu kwa mama pia, ambao wenyewe huweza kuwa na ngozi nyeusi kama mimi. Mtu mwenye ualbino hukabiliwa na saratani ya ngozi, lakini hiyo si limfoma, ni saratani ya ngozi yenyewe iletwayo na jua, na kofia pana, nguo ndefu na mafuta ya kukinga jua huizuia sana. Ukimpima mtu wa namna hiyo vinasaba, hapo kweli umeuliza ukoo. Makosa ya wazee wetu yalikuwa kudhani kwamba kila kipimo cha vinasaba ni cha namna hiyo.

Afrika Mashariki ina limfoma nyingine iliyoifundisha dunia nzima jambo hilo hilo. Si ya ngozi, lakini yafaa itajwe hapa. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna hiyo. Akaanza kuuliza kila mahali, na mwaka 1958 akaandika habari za uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda kwenda kusini kupitia Tanganyika na Nyasaland, wakiingia hospitali baada ya hospitali wakiwa na picha mkononi, wakiuliza, "Mmepata kuona mtoto kama huyu?" Waliona kuwa ugonjwa hupatikana mabondeni penye joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi haupo. Wanafunzi wa kwetu watakumbuka kuwa ziwa letu halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Kyela ni nchi ya joto, mvua na mbu.

Burkitt alitoa hotuba London mwaka huo huo wa 1961, na aliyekaa akimsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni. Kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, huwapata karibu watu wote, na kwa wengi hakifanyi neno kubwa. Lakini mtoto akipigwa na malaria mara kwa mara, limfositi B zake hufanya kazi kupita kiasi, zikikata na kuunga jeni usiku na mchana, na katika haraka hiyo huweza kukosea: kipande cha kromosomu ya 8 huungwa na kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamrisha chembe izae, huwekwa mahali ambapo haizimwi. Jambo hilo la MYC lilijulikana mwaka 1982. Hapa napo kosa limo katika limfositi moja ya mtoto, si katika damu ya wazazi wake, ingawa miaka mingi walikuwapo waliosema kuwa mama yake alivunja mwiko.

Habari hiyo haikuishia zamani. Katika miaka hii ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, hospitali ya St. Mary's Lacor iliyoko Gulu, na Chuo Kikuu cha Oxford wamekuwa wakijaribu kuitambua limfoma ya watoto kwa kusoma vinasaba vinavyoelea katika damu. Chembe za saratani zikifa humwaga vipande vya vinasaba vyao katika damu, na humo kosa lao huweza kusomwa bila kusubiri mpaka uvimbe ukatwe. Kwa mtoto ambaye uvimbe wake huongezeka ukubwa kila siku, kupunguza wiki za kungoja si jambo dogo, hasa kwa kuwa limfoma ya Burkitt huweza kupona kabisa kwa dawa ikiwahiwa.

Narudi kwa mabaka. Kwa nini ilichukua miaka sita? Nilidhani ni kwa sababu sisi tuko mbali, lakini vitabu vyasema hata Ulaya wagonjwa wa namna hii hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya ugonjwa kujulikana. Kwetu lipo tatizo linalozidisha hilo, nalo ni marhamu. Yako marhamu yenye steroidi yauzwayo ovyo, pengine kama dawa ya chunusi, pengine kama mkorogo wa kujichubua. Ukiyapaka juu ya baka la limfoma, limfositi hupungua kwa muda, baka hufifia, mgonjwa hufurahi. Na kipande cha ngozi kikikatwa siku hizo hakionyeshi kitu. Ndiyo maana daktari humwambia mgonjwa aache kupaka kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kukatwa. Mama mkubwa alikuwa hajui. Kipande chake cha kwanza, kilichokatwa mahali fulani miaka mitatu kabla, kilirudi na jibu la "pumu ya ngozi", naye usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amepaka kama kawaida.

Wala sitaki mtu asome gazeti hili kisha akose usingizi. Wanafunzi wenzangu wengi wana pumu ya ngozi, na katika bweni letu choa na upele havikosekani. Karibu yote hayo si limfoma wala hayatakuwa limfoma. Baka la kulishuku ni lile linalokaa miezi na miaka, lililo sehemu inayofunikwa na nguo, linalorudi kila marhamu ikiachwa, na ambalo dawa ya fangasi iliyotumiwa vizuri haikuliondoa. Mwenye baka kama hilo aombe kukatwa kipande. Kukatwa kwenyewe ni kwa ganzi, kipande hakizidi punje ya mtama au ya hindi, na kidonda hushonwa nyuzi moja au mbili. Tena kuna faraja kwa sisi tulio mwisho wa barabara: kipande kikitiwa katika dawa ya formalini hakiozi, na kikigandishwa katika nta hukaa miaka. Basi kipande huweza kusafiri mpaka maabara kubwa na mgonjwa akabaki kwake. Wataalamu wa ngozi nao wameongezeka, kwa sababu huko KCMC Moshi, tangu mwaka 1992, kuna kituo kinachofunza matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao hupelekwa mikoani.

Majibu ya mama mkubwa yalikuja na mkuki mmoja, ule ule katika vipande viwili. Ni mycosis fungoides, katika hali ya mabaka. Amepewa marhamu ya kupaka kwa kipimo, na kama haitatosha atatibiwa kwa mwanga maalumu wa taa, ambao si sawa na kuota jua, kama jirani yetu mmoja alivyomshauri. Wale ambao ugonjwa wao umezidi huweza kutibiwa kwa mionzi, kama inayotolewa Ocean Road, Dar es Salaam, lakini yeye hajafika huko, na daktari haoni dalili ya kufika.

Siku aliyokwenda kuchukua majibu alifuatana na baba mkubwa na yule mshenga, ambaye aliomba mwenyewe kwenda. Mshenga aliuliza kama inafaa binti naye apimwe vinasaba kabla ya harusi. Daktari alimjibu, "Mzee, kwa huyo binti hakuna cha kupima." Mshenga akauliza tena, mara hii kwa sauti ya chini, kama basi ugonjwa huu huambukiza kwa kulala nyumba moja. Daktari akasema hauambukizi, akavua glavu, akamshika mama mkubwa mkono ulio na baka mbele yao wote.

Mahari ilipokewa mwezi uliofuata. Mama mkubwa huenda kliniki kila miezi mitatu, na nauli huipata kwa vyungu.